Usingizi wa Mwalimu Zuhura

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, tukala pilau, na mmoja wenu akasimama kusema kwamba katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kumpuuza mgonjwa. Saa naishukuru, inakwenda vizuri kuliko ile iliyokuwa ukutani mwa chumba chetu cha mazoezi. Sentensi ile naomba kuirudisha. Mliniomba pia niwaandikie yale mnayoweza kujifunza kutokana na miaka yangu ya fiziotherapia, nami nimekaa hapa Goba, kwenye nyumba ambayo ujenzi wake ulianza kabla baadhi yenu hamjaanza shule, nikijaribu kuyapanga. Kila nilipoanza na jambo la kujisifia, kalamu ilinipeleka kwa mtu mmoja. Basi nitaandika habari zake, na zangu kwa kadiri zinavyomhusu.

Nilianza kazi nikiwa na shahada mpya na koti jeupe ambalo mama yangu alilipiga pasi kule Tukuyu na kulituma kwa basi likiwa limekunjwa ndani ya gazeti. Hospitali ilikuwa upande wa Temeke. Mnaijua, sina haja ya kuitaja. Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili vya mbao, reli mbili za kufundishia watu kutembea, na ngazi ya vidato vitatu isiyokwenda popote, ambayo wagonjwa waliiita ngazi ya peponi. Aliyenipokea ni Bi. Tekla, mkuu wa idara wakati huo, mwanamke mfupi kutoka Bukoba aliyevaa tepu ya fundi cherehani shingoni kama wengine wavaavyo mkufu. Kwa tepu hiyo alipima mapaja yaliyosinyaa, vifua, na mara moja, mbele yangu, kiuno cha mganga mkuu aliyekuwa amejisifu kwamba amepungua.

Chuo kilikuwa kimenifundisha majina ya misuli. Bi. Tekla alinifundisha kumtazama mgonjwa akivua viatu, kabla hajajua kwamba anatazamwa. Alinifundisha kumwambia mgonjwa mwenye udhaifu wa misuli ahesabu kwa sauti kwa pumzi moja, kwanza akiwa amekaa, kisha akiwa amelala chali. "Akipungukiwa sana anapolala," alisema, "usimpe mazoezi. Mpe barua ya kwenda kwa daktari, leo hiyo hiyo." Na alinifundisha jambo jingine ambalo nililiandika kwenye daftari langu na kulipigia mstari: kwamba kila mgonjwa ana vinywa viwili, chake na cha yule anayelala naye chumba kimoja, na kwamba chake kinajua habari za mchana tu. Kuandika jambo kwenye daftari ni njia nzuri sana ya kulisahau bila kujisikia vibaya.

Jinsi nilivyofika kwenye kiti cha Bi. Tekla baada ya yeye kuondoka si habari ya hapa. Nitasema tu kwamba niliingia nikiwa na kanuni zangu, na ile niliyoipenda kuliko zote niliibandika mlangoni kwa herufi kubwa: WASINDIKIZAJI WASUBIRI NJE. Msiicheke, ilikuwa na sababu. Siku moja nilimwuliza mama mmoja kama mguu unamuuma, mumewe akajibu, "Hauumi." Nikamwuliza tena mama, nikimtazama yeye, mumewe akasema, "Si nimekwambia hauumi?" Mama yule alikuwa na mfupa uliovunjika. Tangu siku hiyo niliamua kwamba mgonjwa atajisemea mwenyewe, na idara nyingine zikaiga kibao changu. Kanuni ilikuwa nzuri. Ndiyo maana ilinichukua muda mrefu kuona nilivyoitumia vibaya.

Wagonjwa wetu wengi mnawajua: waliopooza upande mmoja kwa kiharusi, vijana wa bodaboda, watoto waliochelewa kukaa. Wenye multipo sklerosisi, ugonjwa tunaouita kwa herufi mbili tu, MS, walikuwa wachache mno, na naamini wengine walipita mikononi mwetu wakiwa wamebebeshwa jina la ugonjwa mwingine. Kwa yeyote kati yenu ambaye hajakutana nao: kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na wageni, hugeuka na kuutafuna utando unaofunika nyuzi za fahamu ndani ya ubongo na uti wa mgongo. Penye jeraha ujumbe unakwama. Mmoja anapoteza mguu, mwingine jicho, mwingine kibofu. Nilijua pia, kwa sababu iliandikwa, kwamba jeraha linaweza kukaa mahali panapoamuru pumzi, na kwamba misuli ya kupumua hudhoofika kama misuli mingine. Nililijua jambo hilo kama mtu anavyojua jina la mji ambao hana mpango wa kufika.

Mwalimu Zuhura alikuja kwetu akiwa na miaka thelathini na minne. Alikuwa ameshapigwa picha za ubongo katika hospitali kubwa na ugonjwa umeshajulikana. Mguu wa kushoto alikuwa akiuburuta, alitembea kwa fimbo, na alifundisha darasa la pili katika shule moja ya binafsi huko Kipawa, karibu sana na uwanja wa ndege kiasi kwamba, alinisimulia, ndege ikipita somo husimama na watoto huhesabu magurudumu. Alikuwa na sauti ya darasani hata alipokuwa akisema shikamoo. Siku ya kwanza nilimwuliza anataka tumsaidie nini, nikitarajia aseme kutembea. "Nataka kufundisha," alisema. "Mguu mkiupata, vizuri. Msipoupata, nitafundisha nimekaa. Lakini nifundishe."

Mumewe alikuwa dereva wa lori la Tunduma na ng'ambo ya huko, na alionekana nyumbani siku chache kila mwezi. Kwa hiyo mama mkwe, Bi. Mwanahamisi, mzaliwa wa Mtoni na mjane wa siku nyingi, alihamishia kitanda chake chumbani kwa Zuhura ili amgeuze na kumsaidia kwenda msalani. Ndiye aliyemleta kwetu kila Jumatano.

Wiki ya tatu au ya nne, Bi. Mwanahamisi aliingia naye ndani bila kusoma kibao, au pengine alikisoma. Nilikuwa na wanafunzi watatu wa mafunzo kwa vitendo, nikiwaonyesha namna ya kunyoosha shavu la mguu lililokakamaa.

"Daktari," alisema, maana mjini hapa kila mwenye koti jeupe ni daktari, nami sikuwahi kukikataa cheo hicho kwa nguvu ya kutosha, "mie nalala na huyu chumba kimoja. Usiku jinamizi linamkaba."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Anakoroma, mara kimya. Kifua hakipandi. Navuta tasbihi, hakipandi. Halafu anashtuka kama mtu katolewa kisimani. Na asubuhi kichwa kinamuuma huyo, hataki hata kusemeshwa."

"Mama, idara ya majinamizi hapa hatuna. Hilo mpelekeni kwa shehe."

Wanafunzi walicheka.

"Kwa shehe tumeshafika," alijibu bila kupandisha sauti. "Kamsomea, kamtazama, kasema huyu ni mgonjwa wa hospitali, mrudisheni kwa wenyewe. Ndo tumekuja kwa wenyewe."

Wanafunzi walicheka tena, na safari hii hawakuwa wakimcheka yeye.

Nilisikia joto masikioni. Nilinyoosha kidole kuelekea mlangoni, nikamwambia kwa adabu ile ambayo ni mbaya kuliko matusi kwamba wasindikizaji wanasubiri nje. Zuhura alisema, "Mama, naomba unisubiri tu." Bi. Mwanahamisi aliokota mkoba wake.

"Haya, baba. Benchi halina mdomo, nitakaa nalo."

Alikaa nalo kila Jumatano kwa zaidi ya mwaka.

Nimeirudia mara nyingi ile taarifa yake. Kukoroma, kimya, kifua kutopanda, kushtuka, kichwa kuuma asubuhi. Mwanafunzi akiniletea maelezo hayo kwenye karatasi ya mtihani ningempa alama zote. Bi. Mwanahamisi alikuwa amekesha na kuangalia, amepima muda kwa chombo alichokuwa nacho mkononi, ametafuta ushauri, amepewa rufaa sahihi, ameifuata. Mimi, msomi wa familia, mtoto wa mwinjilisti aliyefundishwa kwamba mambo kama hayo ni giza la watu wa pwani, nilisikia neno moja na kufunga masikio kwa yaliyobaki. Kulikuwa na sababu nyingine pia, ndogo na ya aibu ya kawaida: niliona si heshima kumwuliza mke wa mtu habari za kulala kwake. Heshima hiyo haikunizuia kumcheka mkwewe.

Mwaka ule Zuhura alibadilika. Alianza kuongea kwa sentensi fupi, nilidhani ameninunia. Alilala kwa mito mitatu. Alinitajia mwenyewe, nami nikamshauri juu ya maumivu ya shingo. Alisinzia kwenye reli, akiwa amesimama, mikono imeshika vyuma. Nilikuwa na jibu tayari, kwa kuwa uchovu ni mwenzi wa ugonjwa huu na kila kitabu kinasema hivyo. Hapo ndipo mtego ulipo, enyi wenzangu. Jibu lile lilikuwa la kweli, nalo likaziba njia ya kuuliza zaidi. Alipolalamika kwamba miguu inakakamaa akilala, nilimshauri daktari wetu amwongezee diazepamu ya usiku, dawa inayolegeza misuli. Inalegeza kweli. Inailegeza na ile ya kooni, na inaubembeleza ubongo usiamke hata pale unapopaswa kuamka. Wiki zilizofuata alisinzia zaidi, nami nikaandika kwenye jalada lake neno ambalo mtalikuta hata leo: hajitumi. Mnajua neno hilo linavyosafiri. Anayefungua jalada baada yako analisoma, analinakili, na baada ya miezi mitatu limekuwa tabia ya mgonjwa.

Kisha ikaja barua kutoka shuleni. Mwalimu mkuu alieleza kwamba Mwalimu Zuhura amekutwa amelala darasani mara kadhaa, kwamba wazazi wamelalamika, na kwamba watoto wamemtungia wimbo. Aliuliza swali moja la haki: je, usingizi huo unatokana na ugonjwa wake? Kama ndiyo, shule ingempangia vipindi vya asubuhi na msaidizi. Kama sivyo, ingechukua hatua. Daktari alikuwa na foleni hadi getini. Alinipa barua akasema, "Wewe unamwona kila wiki. Andaa majibu, nitasaini."

Niliyaandaa. Niliandika kwamba nguvu za misuli zinamruhusu kufundisha akiwa ameketi. Kwamba usingizi wa mchana wa kiwango kile hauelezwi na ugonjwa wake. Kwamba mgonjwa hajitumi mazoezini na anahitaji kuhimizwa. Nakumbuka nilibadilisha neno moja ili sentensi ikae vizuri. Daktari alisaini bila kusoma, au alisoma bila kufikiri. Hilo ni lake. Maneno yalikuwa yangu, na mswada wenye mwandiko wangu ulibaki ndani ya jalada.

Muhula ulipokwisha, shule ilimwachisha kazi. Aliniambia yeye mwenyewe akiwa amelala kwenye kitanda cha mazoezi, na ilimchukua pumzi tatu kuisema sentensi hiyo. "Wamesema hospitali imeandika. Si ugonjwa. Ni mimi." Hakujua ni nani aliyeandika. Nilishika kisigino chake, nikamwambia asukume mguu.

Miezi mitano hivi baadaye, Jumatano moja karibu na adhuhuri, nilimwacha Zuhura kitandani amelala chali na taulo la moto kwenye paja, nikaenda chumba cha pili kutafuta mipira ya mazoezi. Niliposikia mlango ukifunguka nilijua ni nani.

"Mama, kibao…"

"Kibao nakijua, nimekisoma mwaka mzima." Bi. Mwanahamisi alikuwa ameshika mkono wa koti langu, jambo ambalo mtu wa adabu yake hafanyi. "Nimemsikia toka benchini. Njoo umtazame mwenyewe. Mchana huu, jua linawaka. Njoo uniambie ni nini, ukishindwa kuniambia namrudisha nyumbani wala humwoni tena."

Zuhura alikuwa usingizini. Alikoroma, kisha kikawa kimya. Nilisubiri pumzi ije. Nilitazama kifua, nikatazama tumbo, na tumbo lililopaswa kutoka nje likazama ndani, ishara ambayo nimewafundisha wengi wenu: msuli wa kiwambo, ule unaotenganisha kifua na tumbo, ulikuwa umechoka. Midomo ilianza kuwa na rangi ya zambarau. Mkono wangu ulijua kazi yake kuliko mimi. Ulikuwa umeshabonyeza saa ya mkononi ya kupimia mwendo. Sekunde thelathini na nane. Kisha alishtuka kwa mkoromo mkubwa, akafumbua macho, akatuona sote wawili juu yake.

"Nimelala?" aliuliza. "Samahani."

Aliomba samahani. Kwangu.

Nilimketisha. Nilimwambia ahesabu kwa pumzi moja, akafika ishirini na mbili. Nilimlaza chali akafika tisa. Lilikuwa zoezi la dakika mbili, lisilohitaji umeme wala kifaa, na nilikuwa nalo tangu mwaka wangu wa kwanza wa kazi. Bi. Mwanahamisi alisimama pembeni na kusubiri. Nilitarajia aseme neno, na lolote ambalo angesema lingekuwa haki yake. Aliuliza tu, "Ina dawa?"

Ilikuwa na tiba. Diazepamu ilisimamishwa siku ile ile. Alipelekwa kwa daktari wa kifua, akapimwa pumzi akiwa macho na akiwa usingizini, na yakaonekana mambo mawili kwa pamoja: koo lilikuwa linajifunga, na misuli ya kupumua ilikuwa haimudu kazi ya usiku. Alianza kulala na mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa, kichwa kikiwa kimeinuliwa, na tukaanza mazoezi ya kupumua na ya kukohoa, yale ambayo tungeanza naye mwaka uliotangulia. Kabla ya miezi miwili kwisha sauti ya darasani ilirudi. Mguu haukurudi, wala hatukuwahi kumwahidi. Lakini alikaa macho. Alinisomea kwa sauti tangazo zima la chanjo lililokuwa ukutani, kwa majigambo, bila kusita.

Hadi hapo, mngeniambia kwamba nilikosea kama watu wanavyokosea, na kwamba nilirekebisha. Nimesikia wenzangu wakijifariji hivyo, na mara nyingi wana haki. Linalonifanya niandike lilitokea baada ya hapo.

Alikuja Jumatano moja na sahani ya visheti iliyofunikwa kwa kitambaa, vilivyopikwa na mkwewe. "Nakushukuru, daktari," alisema. "Wewe ndiye uliyeona." Nilipokea sahani. Nilipokea na shukrani.

"Nina ombi moja," aliendelea. "Niandikie barua ya shule. Useme usingizi ule ulikuwa ugonjwa, na kwamba ile barua ya kwanza ilikosea. Mwalimu mkuu ni mtu mwelewa. Nafasi yangu wameishikiza kwa mwalimu wa muda, mpaka muhula ujao."

Nilielewa vizuri sana alichoniambia. Mlango ulikuwa bado wazi na kitasa kilikuwa mkononi mwangu. Nilielewa pia kwamba ili barua ya kwanza ifutwe, jalada lingefunguliwa, na mswada ungeonekana, na mtu angeuliza ni nani aliyemfukuza shahidi na kisha kuandika kwamba hakuna ushahidi. Nilisema, "Mambo ya barua yana utaratibu wake, mwalimu. Anzia masijala."

Masijala walimpeleka kwa daktari. Daktari alikuwa amehamia mkoani. Wakampeleka kwa katibu wa hospitali. Katibu akasema idara husika ndiyo iandike. Idara husika ilikuwa mimi. Alirudi kwangu akiwa amechoka, fimbo mkononi. "Wamesema ni wewe." Nilimwambia nitalifuatilia. Nililifuatilia kwa kukaa kimya hadi muhula ukaanza. Baada ya hapo hakuniuliza tena, na mimi, Mungu anisamehe, nilipumua.

Nilifanya kazi miaka miwili zaidi. Nilikiondoa kibao mlangoni. Mliniuliza kwa nini, nikasema rangi imechakaa. Nilianza kuwafundisha muwaulize wanaolala na wagonjwa, na mkadhani ni hekima yangu. Kisha, nilipotimiza umri wa kustaafu kwa hiari, nikastaafu. Neno hiari lilinifaa kwa namna ambazo sikumweleza mtu.

Mwezi wa pili nyumbani niliandika ile barua. Niliandika ukurasa mmoja safi, nikaweka jina langu na sahihi yangu, nikaenda nyumbani kwao Mtoni bila kupiga simu, kwa kuwa ningepiga simu ningepata mahali pa kuahirisha. Zuhura alikuwa barazani, ameketi nyuma ya meza, watoto wanne mkekani wakinakili hesabu ubaoni. Bi. Mwanahamisi alikuwa anachambua mchele. Nilimwamkia, akaitikia, akaniletea kiti. Zuhura aliwaachia watoto mapumziko.

Nilimwambia kila kitu kwa mpangilio niliowaandikia hapa. Ilichukua muda mfupi kuliko nilivyoogopa. Kisha nilimpa barua. Aliisoma taratibu.

"Ulijua lini kwamba barua ya kwanza ilikosea?" aliuliza.

"Siku ile mama aliponiita nitazame."

"Na mimi nilikuja kukuomba baada ya siku hiyo."

"Ndiyo."

"Nafasi yangu ikiwa bado ipo."

"Ndiyo, mwalimu."

Alikunja barua, akaikunjua. "Hapa umeandika kwamba wakati ule taarifa hazikuwepo. Taarifa zilikuwepo. Zilikuwa zimekaa nje, kwenye benchi. Na hapa unaomba radhi kwa kutojua. Kwa kutojua nilishakusamehe zamani, kabla hujaniomba. Hilo jingine hujaliandika."

Bi. Mwanahamisi aliendelea kuchambua mchele. "Mpe karatasi, Zuhura," alisema. "Kaja na kalamu, nimeiona mfukoni."

"Mama, mwache kwanza anywe maji."

"Atakunywa akimaliza."

Niliandika barua ya pili juu ya meza ile, kwenye karatasi iliyochanwa katikati ya daftari la mazoezi, watoto wakichungulia kuona mtu mzima anavyoandikishwa. Niliandika kwamba Bi. Mwanahamisi alitoa maelezo kamili mapema, kwamba nilimtoa nje, kwamba majibu ya hospitali yalitungwa na mimi, na kwamba nilipojua ukweli niliunyamazia wakati mgonjwa angeweza bado kurudishwa kazini. Zuhura alisoma, akanirudishia nisaini.

Niliipeleka shuleni mwenyewe. Mwalimu mkuu yule hayupo tena. Aliyemrithi aliisoma akiwa amesimama, akasema nafasi ilijazwa siku nyingi, na kwamba ataitunza. Zuhura hakurudi Kipawa, na sidhani kama atarudi. Sikumpelekea jibu hilo kwa simu. Nilikwenda tena Mtoni nikamwambia uso kwa uso, akasema, "Nilijua," akaendelea kusahihisha madaftari.

Nakala niliileta hospitali. Hamkuniona, nilikuja asubuhi mapema. Dada wa masijala alilitafuta jalada, akaisoma nakala, akainua macho.

"Mzee, si umeshastaafu wewe?"

"Nimestaafu."

"Sasa hii mbona unajishtaki mwenyewe? Nikishaipokea haitoki tena, atakayefungua atasoma."

Nilimwambia agonge muhuri.